Tanzia zilizopotea: kisa cha kuijengea redio ya jamii themu yake yenyewe

Jina la kituo, wilaya na majina ya wahusika nimeyaondoa, na vyeo viwili nimevibadilisha. Kazi yenyewe nimeiacha ilivyokuwa, pamoja na makosa yangu.

Usuli

Kituo ni redio ya jamii Kanda ya Ziwa, Tanzania. Studio moja, watangazaji wachache wa mshahara na wengi wa kujitolea. Tovuti yao ilijengwa kwa WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, na kijana aliyekuwa akijitolea hapo akisubiri ajira. Alinunua themu ya dukani, yaani vazi la tovuti linaloamua mwonekano na mpangilio wake, zile zinazojinadi kuwa zinafaa hoteli, kanisa, ofisi ya wakili na ukumbi wa mazoezi kwa pamoja. (Wapo wanaoiita themu "mandhari". Mimi nitatumia lile tunalotamka kazini.)

Redio ilihitaji kuweka mambo matatu mtandaoni: habari, vipindi na tanzia. Habari hazikuwa na shida, kwa kuwa kila themu ina mahali pa habari. Vipindi na tanzia ndivyo vilivyokosa chumba. Themu ilikuja na sehemu iitwayo "Portfolio", ya wabunifu kuonyesha kazi zao, na nyingine iitwayo "Testimonials", ya wateja kusifia huduma. Kijana akafanya ambacho fundi yeyote mwenye haraka angefanya: vipindi akavitia kwenye Portfolio, tanzia akazitia kwenye Testimonials. Kwa hiyo marehemu waliwekwa mahali pa wateja walioridhika, na chini ya kila jina palikuwa na nyota tano. Nyota akazificha kwa mstari mmoja wa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, uliokaa chini kabisa ya ukurasa. Mtandao ukiwa mzito zilijitokeza kwa sekunde mbili tatu kabla ya kupotea.

Simcheki. Alikuwa hana bajeti, na kwa miaka kadhaa kazi yake ilisimama imara. Tanzia ndizo zilizokuwa zikivuta watu kuliko kitu kingine chochote kwenye tovuti ile. Waliohamia Dar es Salaam, Arusha na hata nje ya nchi walizifungua kujua nani amefariki kijijini, mazishi lini, msiba uko kwa nani.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye karatasi. Leseni ya themu ilikuwa chini ya akaunti yake binafsi. Alipopata ajira na kuondoka, masasisho yalikoma, na hakuna aliyegundua.

Siku tovuti ilipozimika

PHP ndiyo lugha ya programu inayoiendesha WordPress, na toleo lake la 7.4 lilifikia mwisho wa kuhudumiwa Novemba 2022. Miezi michache baadaye kampuni iliyokuwa ikihifadhi tovuti iliwahamisha wateja wake kwenda PHP 8. Ilituma barua pepe kutoa taarifa, nayo ikaenda kwa yule yule kijana. Themu ilikuwa bado inatumia amri za zamani, mojawapo `create_function`, ambayo PHP 8 iliiondoa kabisa. Asubuhi moja tovuti ikafunguka na sentensi moja tu: kuna hitilafu kubwa.

Mhasibu wa kituo, ambaye ndiye aliyekuwa na nywila, alipigiwa simu na mtu anayejua kidogo. Akaelekezwa kubadilisha jina la folda ya themu kisha aingie kwenye dashibodi, ukurasa wa ndani wa kusimamia tovuti. WordPress ilipoikosa themu ikajirudisha kwenye ile inayokuja nayo. Tovuti ikarudi hewani, na habari zote zilikuwepo. Vipindi na tanzia havikuonekana popote, hata ndani ya dashibodi.

Hapo ndipo niliitwa. Meneja hakuanza na bajeti wala rangi.

"Fundi, habari ninaziona. Tanzia zimekwenda wapi?"

"Shikamoo mzee. Hazijaenda mbali, zimekosa mlango tu."

Nilijibu hivyo kabla sijafungua chochote. Ilikuwa kubahatisha, ingawa kubahatisha kwenye msingi. WordPress huweka karibu kila andiko katika jedwali moja, `wp_posts`, na kila mstari una safu ya `post_type` inayosema andiko hilo ni la aina gani. Themu ndiyo iliyokuwa ikiitambulisha aina ya Testimonials kwa mfumo. Themu ikiondoka, utambulisho unaondoka nayo, lakini mistari ya jedwali inabaki palepale bila wa kuiita. Niliingia kwenye hifadhidata, nikahesabu maandiko kwa kila aina, nikazikuta. Tanzia zaidi ya mia tatu, na vipindi vyote.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa kuokoa kabla ya kubuni. Nilichukua nakala rudufu ya faili na hifadhidata, nikaandika plagini ndogo (kipande cha programu cha kuiongezea WordPress kazi), haikufika hata mistari hamsini, inayozitambulisha zile aina mbili kwa majina yake ya zamani. Jioni ile ile tanzia zilirudi, zikiwa zimevaa nguo za kuazima za themu ya msingi. Hazikupendeza, ila zilisomeka. Kituo kikatulia, nasi tukapata muda wa kufikiri bila kushikwa shati.

Kisha likaja swali la themu. Wajumbe wawili wa bodi walitaka tununue nyingine ya dukani, mpya na yenye masasisho. Hoja yao ilikuwa bei, na ilikuwa hoja nzuri. Nikawaomba wanitajie ni themu gani ya dukani yenye sehemu ya tanzia. Kimya. Tungenunua Portfolio nyingine.

Themu-mtoto nayo niliifikiria. Ni folda yenye faili ya `style.css` inayotaja jina la themu mama, kisha unaandika upya yale tu unayotaka kuyabadilisha, na mama akisasishwa kazi yako haifutiki. Kwa tovuti nyingi ndiyo njia ninayopendekeza. Lakini mtoto anahitaji mama aliye hai, na mama huyu hakuwa na masasisho wala leseni tunayoweza kuifikia.

Tukakubaliana kujenga kuanzia chini. Hapo kulikuwa na njia panda nyingine. Tangu WordPress 5.9, iliyotoka Januari 2022, unaweza kujenga themu ya vitalu, ambayo mhariri anaigusa kila sehemu yake, hadi kichwa na mguu wa ukurasa, kutoka kwenye dashibodi. Nilichagua themu ya kawaida ya violezo vya PHP, yaani faili zinazopanga kila aina ya ukurasa, nikaongezea faili ya `theme.json` kwa ajili ya rangi na ukubwa wa herufi. Sababu yangu ilikuwa ya kibinadamu: kituo kina watu wa kujitolea wanaobadilika kila baada ya miezi michache. Sikutaka mgeni wa wiki ya kwanza afute menyu nzima akidhani anahariri habari. Kupitia `theme.json` nilizima pia kichagua-rangi huru, wabaki na rangi tano za kituo. Kabla ya hapo kila mwandishi alikuwa na wekundu wake.

Uamuzi wa mwisho ndio ninaoutetea kuliko yote. Aina za maandiko, sehemu za kujaza na kazi zote za ratiba ziliwekwa kwenye plagini ya kituo, si kwenye themu. Themu ilibaki na jukumu moja la kuonyesha. Niliwapa kipimo rahisi: kesho mkiivua themu hii na kuvaa nyingine, kipi hamko tayari kukipoteza? Hicho kisikae humo. Kwenye plagini mpya nilibadilisha pia majina, Testimonials ikawa `tanzia` na Portfolio ikawa `kipindi`, na viungo vya zamani nikavielekeza kwenye vipya kwa uelekezaji wa kudumu, kwa kuwa tanzia husambazwa WhatsApp na watu huzirudia mwaka unaofuata, siku ya kumbukumbu.

Kuhusu uzito sitasema mengi. Ukurasa wa mbele wa zamani ulizidi MB 6. Ulivuta familia nne za herufi kutoka seva za nje na picha zinazobadilishana juu ya ukurasa ambazo hakuna aliyezisubiri. Tulitumia herufi zilizomo ndani ya simu, tukaondoa zile picha, na picha za habari tukaziacha zipitie saizi tatu za WordPress ili simu ichague inayoitosha. Picha za zamani ilibidi zikatwe upya kwa amri ya `wp media regenerate`, maana saizi mpya hazizigusi zilizokwisha kupakiwa. Ukurasa ukashuka chini ya KB 500. Msomaji wa bando la siku analijua deni hilo bila kuelezwa.

Kiswahili kilipogomea violezo

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko nilivyotoza.

Themu nyingi hujenga maneno yake kwa kuunganisha vipande: neno "iliyopita" linaandikwa mara moja, kisha linabandikwa jina la kitu chochote mbele yake. Kwa Kiingereza inapita. Kwetu kuna ngeli. Habari *iliyopita*, kipindi *kilichopita*, tangazo *lililopita*. Mfasiri wa themu ya zamani alikuwa amechagua "iliyopita" na kuiacha hivyo, kwa hiyo kila ukurasa wa kipindi ulikuwa na kitufe cha "Kipindi iliyopita". Kwenye tovuti ya redio, ambayo watangazaji wake wanasahihishwa Kiswahili hewani na wasikilizaji, hilo lilikuwa kero ya kweli. Nilifuta viunganishi vyote na kuandika sentensi kamili kwa kila aina: "Kipindi kilichopita", "Hakuna kipindi kilichopatikana", "Hakuna tanzia iliyopatikana". WordPress inaruhusu kila aina ya andiko kuwa na lebo zake. Ni uvivu wetu mafundi unaotufanya tujaze mbili na kuacha kumi.

Urefu wa maneno nao ni jambo. Mchoro niliouanza ulikuwa na vichwa vya habari vya herufi kubwa katika safu mbili kwenye simu. Nikajaribu na kichwa halisi chenye "wasiojiandikisha" na "kilichosababishwa". Safu zikapasuka. Tangu hapo sijachora kiolezo kwa maneno ya kujazia. Naomba vichwa ishirini vya kweli kwanza, vikiwemo virefu kuliko vyote.

Kisha saa. Hakuna msikilizaji wetu anayesema kipindi kinaanza "8:00 PM". Ni saa 2:00 usiku. Hesabu yenyewe ni nyepesi: ongeza sita kwenye saa ya mfumo, gawa kwa kumi na mbili, chukua kinachobaki, na kikibaki sifuri andika kumi na mbili. Saa ishirini inakuwa mbili, saa sita ya mfumo inakuwa kumi na mbili. Halafu unaongeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku kulingana na muda. Niliiandika asubuhi moja, nikajisifu.

Nikasahau usiku wa manane. Kulikuwa na marudio ya mjadala yanayorushwa saa 6:30 usiku baada ya Jumamosi. Kwa mfumo, hiyo ni Jumapili, saa sifuri na nusu. Ratiba ikaandika "Jumapili, saa 6:30 usiku", na msikilizaji akasubiri Jumapili usiku, siku nzima baada ya kipindi kupita. Wasikilizaji walipiga simu wiki mbili kabla hatujaelewa wanalalamikia nini. Dawa ilikuwa maneno tuliyo nayo siku zote: vipindi vya kuanzia saa 6:00 usiku hadi kabla ya alfajiri vikaandikwa "usiku wa kuamkia Jumapili".

Kisanduku cha "Sasa hewani" nacho kilinidhalilisha mara mbili. Kwanza kilichelewa saa tatu, kwa sababu nilitumia `date()` ya PHP, na ndani ya WordPress hiyo hutoa saa za UTC, saa rejea ya dunia iliyo nyuma ya yetu. `wp_date()`, iliyopo tangu toleo la 5.3, ndiyo inayofuata eneo la saa lililowekwa kwenye mipangilio. Niliporekebisha kikaonyesha sawasawa kwa mhariri na vibaya kwa wasomaji, kwa kuwa ukurasa wao ulihifadhiwa na plagini ya kuharakisha na kuganda na kipindi cha asubuhi. Mwishowe nikaacha simu ya msomaji ifanye hesabu yenyewe kwa JavaScript ndogo, yaani programu inayoendeshwa na kivinjari cha msomaji, ratiba ikiwa imekwisha kuandikwa ndani ya ukurasa.

Kuhama

Themu ilijengwa kwenye nakala ya majaribio, ambayo niliifungia mlango wa injini za utafutaji, kama inavyotakiwa. Kuna kisanduku kimoja kwenye mipangilio ya WordPress, unakitia tiki na kila ukurasa unabeba agizo la kutoorodheshwa. Usiku wa kuhama nilinakili hifadhidata nzima. Tiki ikaja nayo.

Tovuti mpya ilipendeza, viungo vilifanya kazi, meneja akaitangaza hewani. Siku kumi na moja baadaye mhariri akaniuliza kwa upole mbona akitafuta jina la kituo Google anakuta ukurasa wa Facebook tu. Nilikitoa kile kisanduku ndani ya dakika moja. Google ilichukua wiki kadhaa kuturudisha. Nilikuwa na orodha ya ukaguzi, na kisanduku hicho kilikuwemo, lakini nilikuwa nimeipitia orodha mchana kwenye nakala ya majaribio. Usiku, baada ya kuhama, sikuipitia tena.

Matokeo

Mwaka mmoja baadaye themu ilikuwa bado imesimama. Kampuni ya uhifadhi ilipandisha PHP kwa mara nyingine na hakuna kilichokatika. Kituo kilibadilisha nembo, nasi tukabadilisha rangi katika faili moja. Akaunti zote, ya jina la tovuti, ya uhifadhi na ya hazina ya msimbo, ziko kwenye barua pepe ya ofisi ambayo nywila yake inawekwa pamoja na hati za kituo.

Tanzia, kwa upande mwingine, zilinikatalia kwa namna ambayo sikuitarajia. Nilitengeneza fomu nzuri: jina kamili, umri, tarehe ya kufariki, mahali pa msiba, tarehe na mahali pa mazishi, mzungumzaji wa familia. Zote za lazima. Kwenye mchoro ilikuwa safi sana. Miezi mitatu baadaye nikafungua nikakuta nusu ya tanzia zina nukta kwenye kila sehemu, na picha moja juu. Familia zilikuwa zikituma tangazo WhatsApp likiwa tayari limebuniwa: picha ya marehemu, maua pembeni, maneno yote ndani ya picha. Mhariri alipokea kumi kwa siku akiwa pia anasoma taarifa ya saa saba. Hakuwa na muda wa kunakili, na mfumo wangu ulimkatalia kuchapisha hadi ajaze. Akajaza nukta.

Kwa aliyekuwa akitafuta jina la mjomba wake kwenye kisanduku cha utafutaji, picha zile hazikuwepo kabisa. Kwa anayetumia kisoma-skrini vilevile.

Tulikaa naye meza moja tukapunguza. Ya lazima ikabaki moja, jina. Mahali pa msiba na siku ya mazishi ni hiari, ila viko juu na vikubwa. Picha inaruhusiwa. Tangu hapo majina yanaandikwa.

Likabaki dogo la majina yenye *ng'*, na kwa watu wa kanda ile si machache. Yaliyobandikwa kutoka Word yalikuja na alama ya kupinda, msomaji akiandika kwenye simu anaweka iliyonyooka, na utafutaji unaona maneno mawili tofauti. Plagini sasa inazinyoosha zote wakati wa kuhifadhi, na kulinyoosha neno la msomaji kabla ya kutafuta.

Uchambuzi

Nikipima nyuma, kuokoa kabla ya kubuni kulilipa kuliko kazi yote ya ubunifu iliyofuata. Ningeanza na michoro, kituo kingekaa wiki sita bila tanzia, na huenda wangezihamishia Facebook wasizirudishe tena. Kutenganisha plagini na themu kulikuja pili. Hilo wateja hawalioni, hivyo ni vigumu kulitoza. Nimejifunza kuliandika kwenye mkataba kama kipengele chenye bei yake, kikiitwa "kulinda kumbukumbu", na hakuna bodi iliyolikata.

Kukataa themu ya vitalu bado kunabishaniwa na wenzangu, na hawana makosa. Kwa kituo chenye mhariri mmoja wa kudumu anayependa kuchezea mpangilio ningechagua kinyume. Gharama ya uamuzi wangu ni kwamba wakitaka ukurasa wa mbele ubadilike kwa ajili ya uchaguzi au Ramadhani, lazima wanipigie. Wamenipigia mara nne. Mara mbili nilichelewa.

Kushindwa kwa fomu ya tanzia ni kwangu moja kwa moja. Nilikutana na meneja mara tano kabla ya kuchora, na mhariri mara moja, tena kikaoni, mbele ya wakubwa wake, mahali ambapo dada wa watu hawezi kusema "hii itanichelewesha". Ningekaa naye studio asubuhi moja tu nikiangalia simu yake inavyoita, ningeiona ile WhatsApp. Kijana wa kwanza, pamoja na nyota zake tano, aliketi pale kila siku, na sehemu yake ya tanzia ilikuwa na visanduku viwili: jina na maneno.

Kosa la tiki ni la aina nyingine, ni la uchovu. Sasa siruhusu kuhama usiku, na orodha ya ukaguzi inapitiwa na mtu wa pili ambaye hakuijenga tovuti.

Wiki iliyopita mhariri alinitumia ujumbe. Wameanzisha kipindi cha vitu vilivyookotwa, vitambulisho vya NIDA na kadi za benki, na wanataka viwe pia kwenye tovuti. "Kaka, kwa kuwa sehemu yake bado haipo," aliandika, "tuviweke kwenye tanzia kwa muda?"

Nimemwambia asubiri, nakuja Jumatatu asubuhi.